Bima ya afya: ni lazima uwe na kazi ndio utibiwe?

Watu wakibishana kuhusu SHA, mmoja husema "ni ya kila Mkenya", mwingine "ni ya walioajiriwa". Kisheria, wa kwanza ako sawa. Lakini angalieni vile pesa inalipwa.

Ukiwa na kazi, mwajiri anakata 2.75% ya mshahara kila mwezi. Mshahara wa 30,000 unakatwa 825, na hata hauishiki hiyo pesa. Mama mboga au mtu wa boda anaulizwa maswali: nyumba imejengwa na nini, choo ni cha aina gani, ana mifugo? Mfumo unakisia mapato yake, halafu anatakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kabla hajalazwa Level 4. (Zahanati na kituo cha afya ni bure ukishajisajili. Hiyo wengi husahau kutaja.)

Sasa chukua mtu amefutwa kazi Machi. Mshahara umekatika, na ni wakati huohuo anaambiwa atafute ya mwaka mzima. Kuna Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja: ukiruhusu malipo ya kila mwezi, wengi watangoja waugue kwanza ndio walipe. Ni kweli. Ila dawa ya tatizo hilo imewekewa yule ambaye hana 3,600 kwa mkupuo. Mgombea akiwaambia "afya kwa wote", muulizeni aliyefutwa jana atalipaje mwezi ujao.