Boda: neno moja la mpakani lenye maana zaidi ya moja

Machi 2020, mtu aliyesema nchini Uganda kwamba "wamefunga boda" angeweza kuwa amesema kweli mara mbili. Kwanza serikali ilifunga mipaka ya nchi kwa wasafiri ili kuzuia kuenea kwa virusi vya korona. Siku chache baadaye ikapiga marufuku pikipiki za kukodi kubeba abiria, na marufuku hiyo ikaendelea hadi Julai mwaka huo.

Kwa wakazi wa Busia, Malaba na vijiji vya jirani kama Kwapa, tofauti ya maana hizo mbili haikuwa jambo la darasani. Habari ya kwanza ilimaanisha kwamba mtu hawezi kuvuka kwenda Kenya. Ya pili ilimaanisha kwamba hana wa kumfikisha sokoni wala zahanati. Aliyejua maana moja tu ya neno hilo alipata nusu ya habari.

Neno lilizaliwa wapi?

Asili ya neno "boda" ni Kiingereza, kwa maana ya mpaka. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli mjini Busia walianza kuwavusha abiria kati ya vituo vya ukaguzi vya Uganda na Kenya. Waliita wateja kwa kupaza sauti: "Boda, boda!" Jina la safari likawa jina la baiskeli, kisha la mwendeshaji wake. Baiskeli zilipoanza kuzipisha pikipiki katika miaka ya 1990, neno lilihamia huko bila kubadilika. Leo bodaboda hutajwa hata katika miji iliyo mbali kabisa na mpaka wowote.

Maana nyingi, au maneno mawili?

Wataalamu wa lugha hutofautisha hali mbili. Maana za "boda" zimetokana na chanzo kimoja, na kila maana imezaa nyingine. Hali hiyo huitwa polisemia. Jina la Kwapa ni habari tofauti. Kwa msemaji wa Kiswahili, kwapa ni sehemu ya mwili iliyo chini ya bega. Kwa mkazi wa Tororo, Kwapa ni kaunti ndogo iliyo karibu na mpaka wa Kenya, ambako Kiteso huzungumzwa. Majina hayo yamefanana kwa sauti tu, na hali hiyo huitwa homonimia. Kamusi za Kiswahili huweka maana za polisemia chini ya kidahizo kimoja, lakini homonimu hupewa vidahizo tofauti vyenye namba.

Mwanafunzi atajuaje maana iliyokusudiwa?

Msaada wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. "Mbuzi wangu amepotea" ni kauli ya mfugaji. "Mbuzi yangu imepotea" ni kauli ya mpishi anayetafuta kifaa cha kukunia nazi. "Ndege wameruka" huwahusu viumbe wenye mabawa, ilhali "ndege zimeruka" huhusu vyombo vya usafiri. Vivyo hivyo, "boda amefika" ni mwendeshaji, na "boda imefika" ni pikipiki.

Hata hivyo, upatanisho una kikomo. Katika "boda imefika" na "boda imefungwa", kiambishi ni kilekile. Hapo kitenzi ndicho huamua, kwa kuwa pikipiki hufika, lakini mpaka haufiki.

Kukimbilia neno sanifu pia si dawa ya kila tatizo. "Mpaka" ni nomino, lakini vilevile hutumika kwa maana ya "hadi". Msafiri anayeambiwa "subiri mpaka ufunguliwe" huelewa vizuri zaidi akiambiwa "subiri mpaka wa nchi ufunguliwe".

Lugha nyingine hufanyaje?

Mwanafunzi wa Kihispania hukutana na fumbo linalofanana na hilo. Katika lugha hiyo "el papa" ni kiongozi wa Kanisa Katoliki, ilhali "la papa" ni kiazi, hasa katika Amerika ya Kusini. Sauti ikikazwa mwishoni, na neno likaandikwa "papá", maana yake ni baba. Msemaji wa Kiswahili huongeza ya kwake, kwa sababu papa kwake ni samaki pia. Na akipokea kadi iliyoandikwa "boda", hajaitiwa pikipiki: kwa Kihispania hiyo ni harusi.

Mtoto wa Kwapa aliyelelewa kwa Kiteso huenda asishangazwe sana na tofauti ya "el" na "la". Katika lugha yake, mwanamume wa kabila hilo ni Etesot na mwanamke ni Atesot. Sauti ya mwanzo hubeba jinsia. Mazoea hayo ya kusikiliza mwanzo wa neno yanaweza kumsaidia katika Kiswahili pia, ingawa ngeli za Kiswahili hazifuati jinsia.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa?

Katiba ya Uganda, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022, baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Upande wa pili wa mpaka, Kenya, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye mtihani tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985.

Anayeanza kujifunza atanufaika asipokariri nomino peke yake. Neno moja liandikwe katika sentensi tatu: ya umoja, ya wingi, na yenye kivumishi cha kumiliki. Boda wangu amechelewa. Boda yangu imeharibika. Boda zetu zimeharibika. Hapo mwanafunzi atajua ni nani wa kumpigia simu, na ni nini cha kupeleka kwa fundi.