Songo Songo bila kuvunja kibubu

Kabla ya pesa, tuwekane sawa kuhusu kisiwa chenyewe, maana wapo wanaoshuka Kilwa Masoko, wakaomba wapelekwe "Songo", kisha wakajikuta wamesimama Songo Mnara. Hivyo ni visiwa viwili. Songo Mnara kiko kusini ya Kilwa Kisiwani, na magofu yake pamoja na ya Kisiwani yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Songo Songo kiko kaskazini, mbali zaidi baharini. Wengi wetu tulilisikia jina lake kwenye taarifa za gesi: iligunduliwa 1974, ikaanza kuzalishwa 2004, ikapitishwa kwenye bomba chini ya bahari kama kilomita 25 hadi Somanga, kisha ikapanda nchi kavu hadi Dar es Salaam. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita nne tu. Pana kijiji cha wavuvi, minazi, mitambo ya gesi, uwanja mdogo wa ndege na miamba ambayo maji yakipwa inaachwa wazi ukaitembea kwa miguu. Anayetafuta baa ufukweni aende kwingine, na hatakosa pa kwenda.

Tuanze na barabara, ambayo hesabu zake ni nyepesi. Mabasi ya kusini unayapata Mbagala. Viwango vya nauli vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita katika basi la daraja la kawaida, na 67.84 katika daraja la kati. Tukichukua kilomita 300 kuwa ndio mwendo wa Dar hadi Kilwa, unapata kama 14,500 kwa basi la kawaida na kama 20,400 kwa la kati. Tofauti ya shilingi elfu sita si ya kugombana nayo: lipa ya kati, ukae kwenye kiti kinachoeleweka, kwa sababu kutwa yako haiishii stendi. Wazee wanaokumbuka foleni ya pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, watakucheka ukilalamika safari ni ndefu.

Gari binafsi je? Kwenda na kurudi ni kilomita 600. Gari linalokula lita moja kwa kilomita kumi litataka lita 60, na tukiiweka lita kwenye 3,000 kwa mfano, hiyo ni 180,000. Watu wanne kwa basi la daraja la kati, kwenda na kurudi, ni kama 163,000. Mkiwa watano, basi linafika 203,000 na gari linaanza kuonekana nafuu. Ila hapo kuna jambo ambalo watu hulisahau: gari halivuki bahari. Litalala bara siku zote mtakazokuwa kisiwani, na mtalipa mlinzi alitazame. Kwa Kilwa peke yake, gari la watu watano lina maana. Kwa Songo Songo, panda basi.

Pesa nyingi zinapotea kwenye maji, na ndipo pa kukaa kidogo.

Kuna sehemu tatu za kuondokea. Kilwa Masoko ni mji wa wilaya, una gesti za kila kiwango, benki na soko, lakini kwa mwendo wa bahari ndiko mbali zaidi: kilomita arobaini na kitu. Kilwa Kivinje na Somanga ziko karibu, kama kilomita 25 hadi 30 kila moja. Somanga unaifikia kabla ya Kivinje na Masoko ukitokea Dar, kwa hiyo inakuokolea pia kipande cha nauli ya basi. Mgeni huvutwa na Masoko kwa sababu ndiko hoteli ziliko, na hoteli ndiyo inayomtafutia boti. Hapo ameshalipia mwendo mrefu zaidi, mafuta mengi zaidi, na mtu wa kati.

Halafu lipo swali lenyewe: unakodi, au unapanda na wenzako? Boti la abiria linabeba watu wa kisiwani wanaorudi kwao na magunia ya mchele, nyanya, kreti za soda, bati, mara nyingine mbuzi. Unalipa nauli kama wao. Boti la kukodi unalipia safari nzima, uwe mmoja au kumi. Tuseme mmepatana 200,000 kwenda na kurudi. Wawili, kila mmoja anatoa laki moja, yaani zaidi ya nauli yake yote ya basi la daraja la kati kwenda na kurudi mara mbili. Wanane, inashuka hadi 25,000 na hapo sina ubishi, kodini. Lakini ulizeni mapema boti litalala wapi. Nahodha akilala kisiwani akiwangoja, usiku wake una bei, na chakula chake pia, na mambo hayo yasiposemwa ufukweni asubuhi husemwa jioni mkiwa hamna pa kukimbilia.

Anayepanda na abiria hulipa pia kwa muda wake wa kungoja. Boti haliondoki saa mbili kwa sababu mtu kaandika saa mbili. Linaondoka maji yakiruhusu. Kivinje ufukwe ni wa tope na mikoko, na maji yakitoka yanatoka kwelikweli. Utaona mashua zimelala ubavu na ng'ambo yake bahari imekuwa mstari. Yakianza kurudi, watu wanavua viatu, wanapandisha khanga na suruali, mizigo inapita kichwani, mtoto begani, na wewe na begi lako la magurudumu unatambua kwamba magurudumu hayakuwa na kazi yoyote. Kijana atakubebea kwa pesa kidogo. Patana naye ukiwa bado mkavu.

Kwa hiyo kabla ya kuomba ruhusa kazini, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Ndizo siku za pweza: wanawake kwa wanaume wanaingia mwambani na vyuma vyao, na mgeni mwenye yeboyebo miguuni anaweza kuwafuata kwa adabu na kuona mashimo ambayo macho yake peke yake yasingeyaona. Hiyo haina tiketi. Siku za maji mafu mwamba hauonekani, na mtu aliyesafiri kote huko anabaki kuutazama kutoka juu.

Majira nayo yana bei. Kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi kama Septemba, injini inakunywa mafuta zaidi na nahodha ana haki ya kutaja bei ya juu, au kukataa. Masika ni mbaya zaidi. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Siku kama hizo gesti ya bei nafuu inageuka ghali kwa kuhesabiwa usiku. Mimi ningechagua tanga mbili, Oktoba na Novemba, upepo unapogeuka na bahari imetulia.

Songo Songo kwenyewe, gharama zinageuka kichwa chini. Wageni hudhani pweza atakuwa bure kwa sababu anavuliwa hapo. Pweza ana mawakala wanaomngoja ufukweni na mzani, anaingia kwenye barafu na kwenda viwandani, na kutoka huko husafirishwa hadi Ulaya. Bei yake inashindana na mezani pa Mtaliano. Mnunue pweza mara moja, ule supu yake asubuhi na chapati, umalize hamu. Siku nyingine kula changu au tasi: mnunue mwenyewe samaki anapotolewa chomboni, mpelekee mama lishe, mlipe kazi ya kupika na wali wa nazi. Nyanya, vitunguu na maji ya chupa vimekuja na boti lile lile ulilopanda wewe, kwa hiyo vibebe kutoka bara. Beba na pesa taslimu za noti ndogo. Malazi uliza kabla hujavuka, kwa kumpigia mwenyeji unayeelekezwa na watu wa boti, na ukifika pita ofisi ya kijiji ujitambulishe. Hilo ni adabu, na pia ni bima: mtu anayejulikana yupo ndiye atakayetafutwa.

Kuna njia nyingine kabisa ya kufika. Wenye uwezo wanaruka kwa ndege ndogo hadi uwanja wa Songo Songo na kuchukuliwa na boti hadi Fanjove, kisiwa jirani chenye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani 1894 na hoteli ndogo ya mabanda. Ni mamia ya dola kwa mtu kwa usiku. Sitakejeli, wanalipia ukimya na kutolazimika kupatana na mtu yeyote. Ila maji wanayoogelea ni haya haya.

Mgeni kutoka nje akilinganisha na majirani, akumbuke tozo. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, anayeingia analipa bima ya lazima ya dola 44. Mafia, anayeingia eneo la Hifadhi ya Bahari analipia kila siku. Songo Songo kiko nje ya hifadhi hiyo. Kilwa Kisiwani kina kiingilio na kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Raia achukue kitambulisho chake, bei yake ni tofauti. Mashua za abiria zinavuka mlango mwembamba wa bahari kati ya Masoko na kisiwa hicho kwa nauli ndogo, na ng'ambo unapata Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, katika mji alioutembelea msafiri Ibn Battuta 1331. Kwa pesa utakayotoa, pwani nzima haina biashara bora kuliko hiyo. Kivinje, alikonyongwa Hassan bin Omari Makunganya 1895 kwa kuwapinga Wajerumani, unaitembea mitaani bila kulipa mtu.

Kitu kimoja usikibanie: jaketi la kujiokolea. Lione kwa macho, livae, tazama kama mikanda yake inafunga. Boti la bei rahisi lisilo nalo, au lililozama hadi ukingoni kwa magunia, liache liende. Hasara yake ni usiku mmoja zaidi wa gesti.

Kwa watu wawili wenye siku tano, ningepanga hivi: basi la daraja la kati hadi Kivinje, usiku mmoja hapo, boti la abiria maji yakijaa, usiku mbili Songo Songo wakati wa bamvua, kurudi na abiria, kisha bodaboda hadi Masoko na siku ya mwisho Kilwa Kisiwani. Wenye siku mbili tu waiache Songo Songo, waende Kilwa Kisiwani moja kwa moja. Ukibana safari hii ndani ya wikiendi utalazimika kukodi boti, na pesa ya boti hiyo peke yake ingekulipia siku tatu za kula na kulala.