Dhahabu ipo, abiria wa ndege je?

MKANDA wa dhahabu wa Shinyanga na Geita huliingizia taifa fedha nyingi za kigeni, lakini kwa mashirika ya ndege bado ni soko gumu. Viwanja vinaongezeka, barabara zimekuwa nzuri na reli mpya inajengwa. Linalopaswa kuulizwa sasa ni kama abiria waliopo wanatosha kugawanywa.

Kosa la kwanza katika hesabu za soko hili ni kudhani kuwa palipo na dhahabu pana abiria. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Migodi hiyo ina viwanja vyake vidogo, na mikuo ya dhahabu husafirishwa kwa ndege za kukodi. Makinikia nayo yamekuwa yakipita barabarani ndani ya makontena hadi bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo sehemu nono ya biashara haifiki kabisa kwenye kaunta ya shirika linaloruka kwa ratiba.

Zaidi ya hayo, mgodi una umri wake. Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na kufikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Shirika linalotegemea mgodi mmoja kujaza viti limejenga juu ya mchanga.

Wanaobaki ni maofisa wa serikali, wauza mitambo na vipuri, wanunuzi wa pamba na mchele, pamoja na wafanyabiashara wa dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambao tangu mwaka 2019 wana soko rasmi la madini mjini Geita. Hawa ni wateja wa kweli, lakini kila mmoja hulinganisha nauli ya ndege na ya basi kabla ya kufungua pochi.

Hesabu ya viti

Chukua mfano wa ndege aina ya Q400 yenye viti 76. Mafuta, marubani, bima, ada za kutua na kodi ya ndege havipungui sana kwa sababu viti vimebaki vitupu. Ikiwa gharama ya safari moja ni sawa na nauli za abiria 50, basi hao 50 wanalipia safari tu. Faida huanza kwa abiria wa 51. Ndege ikiondoka na watu 35, kila safari huongeza deni.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Kwa makadirio ya chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, yaliyotolewa Desemba 2024, mashirika ya dunia yalitarajiwa kupata faida ya dola 7 hivi za Marekani kwa kila abiria mwaka 2025. Kwa mashirika ya Afrika ilikuwa karibu dola moja tu.

Somo la miaka iliyopita

Tanzania imejaribu njia nyingi. Baada ya East African Airways kuvunjika mwaka 1977, ATC lilishika soko karibu peke yake. Ushindani ulikuja miaka ya 1990, Precision Air ikianzia Arusha. Mwaka 2002 shirika la ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania kwa dola milioni 20, lakini ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2006. Kenya Airways nayo iliingia Precision mwaka 2003 kwa kununua asilimia 49.

Novemba 2012 ilikuja Fastjet kwa nauli za chini, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake viwili vya mwanzo nje ya Dar es Salaam. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, ilipofika mwisho wa mwaka 2018 kampuni ilikuwa imeelemewa na madeni na safari zikakoma. Nauli ndogo huleta abiria, lakini mapato huja kwa shilingi ilhali kodi ya ndege na vipuri hudaiwa kwa dola.

Air Tanzania, iliyofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege zilizonunuliwa na serikali, imeongeza vituo na ndege. Lakini kwa mujibu wa ripoti za CAG, hasara yake ilipanda kutoka Sh. bilioni 56.6 mwaka 2022/23 hadi Sh. bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Mlipakodi ndiye anayeziba pengo hilo.

Mshindani yuko ardhini

Shirika hilo lilianza safari za uwanja wa Chato, mkoani Geita, mwaka 2021. Uwanja wa Shinyanga nao uliingizwa katika mpango wa kuboresha viwanja vya mikoani kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lakini Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo 3. Abiria wa Geita mjini sasa anaweza kutua Mwanza, kwenye ndege nyingi zaidi, kisha akavuka ziwa kwa gari bila kusubiri kivuko. Reli ya kisasa ya Mwanza-Isaka, kilometa 341, nayo inapita Shinyanga. Ikikamilika na kuunganishwa na Dar es Salaam, itagombea abiria wale wale.

Hii haina maana kwamba Chato na Shinyanga hazifai ndege. Zinahitaji ndege ndogo, ratiba inayoaminika na safari zinazounganisha vituo viwili kwa mruko mmoja. Migodi nayo ishawishiwe kununua viti vya ratiba kwa mikataba ya mwaka badala ya kukodi ndege nzima kila mara.

Juu ya yote, hesabu ya kila njia iwekwe wazi. Iwapo njia inaendeshwa kama huduma kwa wananchi, ruzuku yake ijulikane. Iwapo ni biashara, ijilipie. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.