Mtetemo wa Injini na Vishikizo vya Chuma

Wenzetu hapa Oman wenye mashua za dizeli hulaumu ubovu wa chuma kila kishikizo cha chujio la mafuta kinapokatika baharini. Aghalabu chuma hakina kosa. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutimiza mizunguko 90,000 kwa saa, na mtetemo wake hukipinda kishikizo kidogo kidogo pasipo kuonekana. Hatimaye chuma huchoka, na ufa huanzia penye tundu, penye pembe kali au kando ya lehemu.

Kinga yake ni nyepesi. Kishikizo kiwe kifupi, kifungwe pande mbili badala ya kuning'inia upande mmoja. Matundu na pembe zilainishwe kwa tupa. Mipira inayobeba injini ibadilishwe ikishakuwa migumu.

Kabla ya safari, kipanguse kishikizo ukitazame: mstari mwembamba wa kutu huenda ukawa ufa. Wahenga walituusia kuziba ufa. Huu usiuzibe kwa lehemu ya juu juu, badili kishikizo kizima. Kikikatika, dizeli yaweza kumwagikia injini yenye moto, na katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia.