Safari ya muziki Uturuki: Si kila azungukaye ni darweshi

WASAFIRI wengi waendao Uturuki hurudi na picha zinazofanana: misikiti ya Istanbul, maputo ya Cappadocia na mtu aliyevaa joho jeupe akizunguka katikati ya ukumbi. Picha hiyo ya tatu ndiyo yenye utata. Mtu huyo aweza kuwa mcha Mungu aliye katika ibada, msanii wa kikundi cha serikali, au kijana anayelipwa na mgahawa kwa kila usiku anaozunguka mbele ya wageni wanaokula.

Kwa mgeni aliyefika kwa siku chache, watatu hao hufanana. Kumsaidia kuwatofautisha ni miongoni mwa kazi kuu za safari za makundi madogo zinazoandaliwa kwa ajili ya muziki na utamaduni wa Kituruki, na ndiyo inayopaswa kumwongoza anayetaka kujiunga nazo.

Kundi dogo, bei kubwa

Ziara ya kawaida hubeba watu 40 au zaidi katika basi moja. Kundi la ukubwa huo halienei katika karakana ya fundi wa ala, wala haliwezi kuketi sebuleni kwa mpiga udi. Kwa sababu hiyo safari za muziki huwekewa kikomo cha watu, mara nyingi wasiozidi 15.

Uchache huo una gharama zake. Malipo ya kiongozi, gari na wanamuziki hugawanywa kwa watu wachache, hivyo bei kwa kila msafiri hupanda. Anachopata mgeni ni muda: asubuhi ya kuelezwa muziki, mchana wa kuona unavyotengenezwa, na usiku wa kuusikiliza.

Jijini Istanbul, mahali pazuri pa kuanzia ni Beyoğlu, katika mtaa wa Galip Dede wenye maduka mengi ya ala. Karibu na hapo ipo zawiya ya Galata, iliyoanzishwa mwaka 1491, ambayo sasa ni makumbusho. Mtaa huo umepewa jina la mshairi Şeyh Galip, aliyekuwa shehe wa zawiya hiyo na kufariki mwaka 1799.

Somo la kwanza huwa ni makam, yaani utaratibu wa kuzipanga sauti na kuziendesha. Katika nadharia ya Kituruki, hatua moja nzima ya sauti hugawanywa katika vipande tisa viitwavyo koma, ilhali piano huigawa mara mbili tu. Sikio lililozoea piano hudhani mpigaji amekosea. Baada ya siku mbili au tatu za kusikiliza kwa makini, hilo lililodhaniwa kuwa kosa huanza kusikika kama ndiyo ladha yenyewe.

Ibada au onyesho?

Sema, kama unavyoitwa mzunguko wa madarweshi, ni ibada ya tarika ya Mevlevi. Tarika hiyo hujinasibisha na Mevlana Jalaluddin Rumi, mwanachuoni na mshairi aliyezaliwa mwaka 1207 na kufariki mjini Konya Desemba 17, 1273.

Wafuasi wake huuita usiku wa kifo chake Şeb-i Arus, kwa maana ya usiku wa harusi, wakiamini kuwa ndipo alipokutana na Mola aliyempenda. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwani arus na harusi ni neno moja lenye asili ya Kiarabu.

Kila kitu katika ibada hiyo kina maana. Kofia ndefu ya sufi ni jiwe la kaburi, joho jeusi linalovuliwa ni kaburi lenyewe, na vazi jeupe ni sanda. Mkono wa kulia huelekezwa juu kupokea rehema, na wa kushoto chini kuigawa kwa viumbe.

Ibada huanza kwa kaswida ya kumsifu Mtume, ikafuatiwa na mlio wa ngoma ndogo ziitwazo kudüm na nai inayopigwa peke yake. Kisha hupigwa peşrev, huku madarweshi wakiuzunguka ukumbi mara tatu kwa mwendo wa taratibu. Baada ya hapo huja mizunguko minne, kisomo cha Kurani na dua. Watazamaji hawapigi makofi.

Historia ya karibuni imeifanya ibada hiyo kuwa suala nyeti. Novemba 30, 1925, jamhuri changa ya Mustafa Kemal Atatürk ilipitisha sheria namba 677 iliyofunga zawiya zote na kupiga marufuku tarika. Zawiya kuu ya Konya, lilipo kaburi la Rumi chini ya kuba la kijani, ilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1927.

Sheria hiyo haijafutwa hadi leo. Sema ilirejea hadharani katika miaka ya 1950 ikiwa kumbukumbu ya mshairi na tukio la utamaduni. Mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) ya urithi usioshikika, baada ya kutangazwa na shirika hilo mwaka 2005. UNESCO pia imeeleza kuwa sehemu kubwa ya maonyesho kwa watalii yamefupishwa na kurahisishwa ili kukidhi mahitaji ya biashara.

Kwa hiyo mgeni anayeoneshwa mzunguko wa dakika 20 wakati wa chakula cha jioni hajaona sema. Ameona kipande chake kilichokatwa mwanzo na mwisho, bila kisomo wala dua.

Sauti kutoka vijijini

Safari inayoishia kwa madarweshi huacha nusu ya muziki wa nchi hiyo. Katika vijiji vya Anatolia, ala kuu ni bağlama, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu. Mipaka ya sauti zake ni mafundo ya uzi yaliyofungwa shingoni, ambayo fundi aweza kuyasogeza apendavyo.

Ala hiyo ni ya malenga waitwao âşık. Mashuhuri zaidi wa karne ya 20, Aşık Veysel wa mkoa wa Sivas, alipofuka utotoni kwa ndui na kuendelea kutunga na kuimba hadi kifo chake mwaka 1973.

Kwa Waalevi, jamii yenye mamilioni ya waumini, bağlama ni sehemu ya ibada iitwayo cem, ambamo wanaume na wanawake huzunguka pamoja katika semah. Jamii hiyo ina majeraha. Julai 2, 1993, umati uliichoma moto hoteli ya Madımak mjini Sivas, walimokuwa wageni wa tamasha la kumuenzi mshairi Pir Sultan Abdal. Wageni 33 walikufa, wakiwamo wapiga bağlama Muhlis Akarsu na Hasret Gültekin, pamoja na wafanyakazi wawili wa hoteli.

Kundi linalokaribishwa katika cem halina budi kuelezwa hayo mapema. Mwenyeji anayefungua mlango wa ibada yake kwa wageni wenye kamera anatoa amana, na kiongozi asiyelijua hilo hafai kupeleka watu huko.

Undugu na taarab

Msafiri kutoka pwani ya Afrika Mashariki ana faida ambayo wengine hawana. Nai, udi na ganuni ni ala anazozijua kutokana na taarab asilia. Vilevile bashrafu, muziki usio na maneno unaopigwa na vikundi vya Unguja kabla ya mwimbaji kuingia, ni ile peşrev ya Waturuki.

Njia yake ilipitia Misri, iliyotwaliwa na Dola ya Osmani mwaka 1517. Inaelezwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta wapigaji kutoka Misri. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Anayeisikia peşrev mjini Konya anasikia jamaa wa mbali wa kile kinachopigwa Mji Mkongwe.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni uhalali wa wakala. Kwa sheria ya Uturuki namba 1618 ya mwaka 1972, wakala wa safari lazima awe na leseni na awe mwanachama wa umoja wa mawakala, TÜRSAB. Mteja ana haki ya kuomba namba ya leseni na kuihakiki. Kiongozi wa watalii naye lazima awe na leseni yake.

Pili, aulize ni nani atakayepiga, wapi, na kwa muda gani. Jibu kama “usiku wa madarweshi” halitoshi. Wakala makini hutaja ukumbi, kikundi na urefu wa shughuli, na husema wazi kama ni ibada au onyesho.

Tatu, aulize jinsi wanamuziki na mafundi wanavyolipwa. Iwapo malipo hutegemea ala watakazonunua wageni, ziara ya karakana hugeuka kuwa ya kushawishiana dukani. Anayenunua chombo cha zamani akumbuke kwamba vitu vya kale haviruhusiwi kutolewa nchini humo bila kibali.

Nne ni majira. Kumbukumbu za Rumi mjini Konya hufikia kilele Desemba 17, na hoteli hujaa mapema. Mji huo upo kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake hufika chini ya nyuzi sifuri. Treni ya mwendo kasi huufikia kutoka Istanbul kwa takriban saa tano.

Mwisho, bei itajwe kwa sarafu moja iliyo wazi, kwa kuwa thamani ya lira imeshuka sana katika miaka ya karibuni. Mkataba ueleze nani anagharimia viza, bima na viingilio, na fedha zitarudishwaje iwapo kundi halitafikia idadi iliyokusudiwa. Masharti ya viza hutegemea pasipoti ya msafiri, hivyo ni busara kuyahakiki ubalozini kabla ya kulipa amana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ya muziki iliyopangwa vyema humrudisha msafiri nyumbani akiwa na sikio jipya, na humwacha fundi wa Beyoğlu na malenga wa Sivas wakiwa wamelipwa haki yao. Ile iliyopangwa vibaya humwachia mgeni picha ya joho jeupe, bila ya yeye kujua alichokiona.