Parachichi Linalosubiri Bei Mtini

Toka Tukuyu hata Kilolo, kusini mwa Tanzania, hesabu ya shamba la parachichi hupigwa kwa mstari mmoja: miche mara kilo mara bei. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, hekta moja hubeba miche 204, na jibu huwa tamu. Lakini parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali mashimo na samadi vinadai fedha leo. Kwa riba ya asilimia 15, shilingi milioni 1 ya miaka mitano ijayo ni kama laki 5 za sasa. Hilo angalau wengi wanalihisi. Kosa kubwa zaidi limejificha mtini.

Hass haliivi mtini, huiva likishachumwa. Ndiyo maana mkulima huuona mti kama ghala lisilotozwa kodi, akaacha matunda yaning'inie mpaka bei ipande. Kodi ipo. Tunda linalokawia hula akiba ya wanga na kuzuia macho ya tawi yasitoe maua, na msimu unaofuata mti huweza kubaki majani matupu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mti una kilo 100. Ukichuma mapema kwa shilingi 1,200, na mwakani ukapata kilo 80 kwa bei hiyohiyo, miaka miwili inakupa 216,000. Ukisubiri 1,500 miaka yote miwili, mavuno ya mwakani yakishuka chini ya kilo 44, umekula hasara, ingawa bei imepanda kwa robo.

Wapo watakaosema bei haitabiriki, hivyo hesabu hizi ni za darasani. Lakini hapa hatutabiri bei. Tunatafuta kiwango cha mavuno ambacho kusubiri hakulipi, na mavuno ya miti yake kila mtu anaweza kuyapima. Pingamizi lenye uzito ni jingine: ukichuma mapema mno, tunda changa husinyaa badala ya kuiva, na soko la nje, likiwemo la China iliyotufungulia mlango Novemba 2022, halisamehe. Basi pima. Kwangua gramu 100 za nyama ya tunda, zikaushe taratibu mpaka uzito ukome kushuka. Zikibaki gramu 23 hivi, limekomaa. Anza na matunda makubwa, uyakate na vikonyo vyake, uyaache madogo yanenepe.