Usiniulize Mradi Gani Unalipa

Muhula ukifunguliwa tu, wanafunzi wa Juja na Ruiru hunijia na swali lile lile: "Daktari, mradi gani unalipa siku hizi?" Wanataka jina la mnyama. Nikiwaambia kikwazo chao si mnyama, wananitazama kana kwamba nimewaficha dawa.

Basi tuzungumzie kware. Mwaka 2013 wengi wenu mlikuwa watoto, na mayai ya kware yalikuwa yakisifiwa kuwa tiba ya kisukari, presha, pumu, hata saratani. Yai hilo lina gramu 10 hadi 12, kama moja ya tano ya yai la kuku. Ni chakula kizuri, basi. Kisukari hakiulizi yai limetagwa na nani. Hata hivyo watu walilinunua kwa makumi ya shilingi, na kwa kuwa kware alihesabiwa mnyamapori, mfugaji alihitaji kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Ugumu wa kibali nao ukachukuliwa kuwa ushahidi wa utajiri!

Hesabu ambayo hakuna aliyewaonyesha ni hii. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na kifaranga jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Yai la leo ni mtagaji baada ya miezi miwili na kidogo. Ndege anayeongezeka hivyo hawezi kubaki adimu. Walaji walikuwa wachache. Aliyetoa bei kubwa ni mfugaji mpya aliyetaka mayai ya kuangua, naye akategemea kumuuzia mfugaji mpya mwingine. Wafugaji wapya walipokwisha, mwaka 2014, bei iliporomoka na ndege wakaishia sufuriani. Waliotajirika ni wauzaji wa vizimba na waandaaji wa semina. Mradi ukishafika kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa lenu, jueni mnatafutwa kuwa wateja.

Vikwazo vyenu halisi havina mvuto. Ardhi ya Ruiru inaota maghorofa. Mji mpya wa Tatu City wenyewe umesimama palipokuwa na mashamba ya kahawa, na kipande ulichokodi kwa mdomo kitachukuliwa siku mwenyewe akipata mjenzi. Kuku hawajui wiki ya mitihani. Mkopo binafsi wa Hustler Fund, mfuko wa serikali ulioanza Novemba 2022, hulipwa kwa siku 14. Kuku wa nyama anataka wiki tano au sita, nyanya kama miezi mitatu. Nani aliyewaambia mkopo huo ni mtaji wa kilimo?

Haya, upesi. Kabla ya kununua kifaranga, tafuta mwenye kibanda atakayekuambia anachukua kuku wangapi, siku gani, kwa bei gani. Panga kundi liuzwe kabla ya mitihani. Shirikiana na mtu wa kozi nyingine, ratiba zisigongane. Mkataba wa kukodi uandikwe. Huna ardhi? Panda sukuma wiki kwenye magunia, au nunua mboga sokoni uwapelekee wenzako hosteli. Hiyo nayo ni biashara ya kilimo. Na chanjo za Newcastle na Gumboro zisirukwe kwa kisingizio kwamba kichupa kina dozi nyingi na wewe una vifaranga hamsini. Kikishachanganywa hudumu saa chache tu, kwa hiyo pangeni siku moja na majirani, mchange, mchanje pamoja.